Iguguno ilihama wilaya bila kusogea: Mifumo ya kompyuta inabadilishaje kumbukumbu bila kuzipoteza?

Mwaka 2011 mkazi wa Iguguno alipojaza fomu yoyote, kwenye nafasi ya wilaya aliandika Iramba. Mwaka 2012 Iramba ikamegwa, ikazaliwa Wilaya ya Mkalama yenye makao makuu Nduguti. Mkazi yule yule, akiwa kwenye nyumba ile ile kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Mwanza, akaanza kuandika Mkalama.

Kwenye karatasi hiyo ni kazi ya peni. Unakata neno moja, unaandika jingine juu yake.

Kwenye kompyuta mambo ni mengine. Mgonjwa aliyetibiwa Iguguno mwaka 2010 ahesabiwe wapi? Iramba, kwa sababu ndiko Iguguno ilikokuwa wakati ule? Au Mkalama, kwa sababu ndiko iliko leo? Na nani anafanya hayo mabadiliko: fundi anayeingia kwenye mfumo na kurekebisha kwa mkono, au programu yenyewe siku inapoapdetiwa?

Maswali haya ndiyo yanayowakosesha usingizi watu wanaotengeneza mifumo ya hospitali, benki, shule na vyama vya ushirika. Mimi si fundi wa kompyuta, nilisomea habari, kwa hiyo tutakwenda nayo kwa lugha ya kawaida.

Programu na kumbukumbu ni vitu viwili

Kila mfumo una sehemu mbili. Ya kwanza ni programu yenyewe: vitufe, kurasa, mahesabu. Ya pili ni kanzidata, yaani mahali ambapo majina, tarehe, namba na fedha zinakaa. Kanzidata imepangwa kama rejista. Ina majedwali, na kila jedwali lina safu zenye jina na aina yake: hapa jina, hapa tarehe ya kuzaliwa, hapa kiasi cha fedha.

Programu ikiharibika unaifuta na kuweka nyingine. Kumbukumbu haziko hivyo. Kilo za alizeti alizopeleka mkulima ghalani msimu uliopita huenda zimeandikwa sehemu moja tu duniani, na sehemu hiyo ikivurugika, kinachobaki ni maneno yake dhidi ya maneno ya karani.

Sasa, toleo jipya la programu mara nyingi linataka rejista ipangwe upya. Jana mfumo uliuliza namba ya simu tu, leo unataka na namba ya NIDA. Programu mpya ikikutana na rejista ya zamani, inatafuta safu ambayo haipo, inagoma. Rejista mpya ikikutana na programu ya zamani, nayo inaweza kugoma. Lazima viende pamoja, tena kwa mpangilio.

Enzi ya kubandika amri kwa mkono

Zamani (na kusema ukweli, sehemu nyingi hadi leo) fundi alikuwa na faili la amri kwenye laptopu yake. Anafika kituoni, anaingia kwenye seva, anabandika amri moja baada ya nyingine, anaomba Mungu, anaondoka.

Tuseme mfumo huo uko kwenye vituo 40. Kituo cha kwanza kilifanywa Jumatatu asubuhi, akili ikiwa bado mpya. Kituo cha 17, simu ya bosi ikaingia katikati ya kazi, amri ya sita ikarukwa. Hakuna aliyejua, kwa sababu mfumo uliwaka vizuri tu. Miezi miwili baadaye linakuja toleo jingine ambalo linaamini amri ya sita ilifanyika kila mahali. Vituo 39 vinakwenda sawa. Kituo cha 17 kinazimika, na hakuna anayeelewa kwa nini hicho peke yake.

Huku kwetu Afrika Mashariki tunao mfano mkubwa wa shida hii na dawa yake. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Mradi ulipokua, hasa kwa ajili ya wagonjwa wa VVU, Access haikutosha tena. Mwaka 2004 ndipo OpenMRS ilipoanza kubuniwa, mfumo wa wazi ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuuboresha, na mwaka 2006 ukaanza kazi Eldoret. Rwanda ikaupokea mwaka huo huo. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake.

Ugumu wa OpenMRS ni kwamba seva yake mara nyingi inakaa kituoni kwenyewe, chini ya meza au kwenye kabati, kwa sababu mtandao hauaminiki. Yaani kila kituo kina kanzidata yake. Matoleo ya mwanzo yalikuja na faili refu la amri ambalo msimamizi aliliendesha mwenyewe. Vituo vilipoongezeka njia hiyo haikuwezekana tena, na mradi ukahamia kwenye chombo kinachoitwa Liquibase.

Mfumo unaokumbuka ulipofika

Liquibase ilianzishwa na Nathan Voxland mwaka 2006. Mwenzake maarufu, Flyway, ilianzishwa na Axel Fontaine mwaka 2010. Kabla yao, mwaka 2005, Ruby on Rails ilikuwa tayari na kitu kama hicho. Vijana wa PHP wanaotumia Laravel wanakipata ndani ya boksi, wa Python wanaotumia Django vilevile tangu mwaka 2014. Majina ni mengi ila wazo ni moja.

Kila badiliko la kanzidata linaandikwa kwenye faili lake dogo lenye namba au jina lisilojirudia, na faili hilo linasafiri ndani ya programu yenyewe. Madevelopa wanaliita maigresheni. Tuseme faili namba 41 linaongeza safu ya NIDA. Namba 42 linarefusha nafasi ya jina la kijiji. Namba 43 linajaza wilaya mpya.

Ndani ya kanzidata kunawekwa jedwali moja la ziada, ambalo kazi yake ni kukumbuka mafaili gani yameshapita. Liquibase inaliita DATABASECHANGELOG. Flyway inaliita flyway_schema_history. Kwenye Laravel linaitwa migrations tu.

Siku programu mpya inapowashwa, kabla haijamfungulia mtu yeyote mlango, inasoma jedwali hilo. Inakuta la mwisho lilikuwa 40. Basi inaendesha 41, kisha 42, kisha 43, kila moja mara moja tu, na kuandika kwamba limeshapita. Kituo kilichosahaulika miaka miwili kinapitishwa mabadiliko yote ya miaka miwili kwa mpangilio ule ule. Kilichoapdetiwa juzi kinapitishwa moja. Fundi hahitaji kukumbuka kituo gani kimefikia wapi, maana kila kanzidata inajijua.

Kuna jambo dogo hapa ambalo naona ndilo la maana kuliko yote. Faili likishapita, vyombo kama Liquibase na Flyway vinahifadhi pia alama yake, namba inayokokotolewa kutokana na maneno yaliyomo ndani. Mtu akirudi kimyakimya kulihariri faili 41, alama haitalingana na mfumo utakataa kuendelea. Kosa lililo kwenye 41 linasahihishwa kwa kuandika 44. Mhasibu yeyote wa zamani ataelewa: kitabu cha fedha hakifutwi, unaandika marekebisho kwenye mstari mpya.

OpenMRS inampa msimamizi hiari. Toleo jipya likiwaka, linaweza kumwonyesha kwanza orodha ya mabadiliko yanayosubiri na kumtaka aingie kwa nenosiri ndipo yaendelee. Au anaweka mpangilio unaoitwa auto_update_database, na kazi inafanyika bila kumuuliza mtu. Kwa kituo chenye mtu wa IT, mimi ningechagua la kwanza. Kwa vituo 40 vilivyotawanyika, ambavyo kumfikisha fundi ni nauli na posho ya siku tatu, la pili ndilo linalowezekana, ila kwa sharti nitakalolitaja mbele.

Umeme ukikatika katikati

Hapa ndipo vitabu vya nje vinapita haraka na sisi inabidi tukae.

Liquibase ina jedwali jingine, DATABASECHANGELOGLOCK. Ni kufuli. Seva mbili zikiwaka kwa pamoja juu ya kanzidata moja, ya kwanza inafunga kufuli na kufanya kazi, ya pili inasubiri. Bila hivyo zote zingeendesha faili 41 kwa wakati mmoja na kuharibu.

Sasa umeme unakatika wakati kufuli limefungwa. UPS haipo, au ipo na betri yake ilikufa zamani. Umeme ukirudi, seva inawaka, inakuta kufuli limefungwa, inadhani kuna mwenzake anafanya kazi. Inasubiri. Mwenzake hayupo, aliyefunga kufuli ni yeye mwenyewe kabla hajazimika. Wahudumu wanaona skrini imeganda, wanazima na kuwasha tena, na inasubiri tena. Dawa yake ni fupi, fundi anahakikisha hakuna anayefanya kazi kisha anafungua kufuli kwa amri moja. Lakini asiyejua ataanza kufuta programu na kuipakia upya, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Kibaya zaidi ni kazi iliyoishia nusu. Kwa M-Pesa tumezoea kwamba muamala ama umekamilika ama fedha inarudi. Kanzidata nazo zina miamala. PostgreSQL, ambayo ndiyo inayotumiwa na DHIS2, inaweza kuweka hata mabadiliko ya muundo ndani ya muamala mmoja: umeme ukikatika, yote yanarudi kama yalivyokuwa. MySQL, inayotumiwa sana na OpenMRS na mifumo mingi midogo, inathibitisha kila amri ya muundo papo hapo. Faili likiwa na amri tatu na umeme ukikatika baada ya ya pili, mbili zimebaki, na faili bado halijaandikwa kwamba limepita. Mfumo ukiwaka unaanza tena amri ya kwanza, unakuta safu ile tayari ipo, unakwama.

Ndiyo maana waandishi wazoefu wa mafaili haya wanaweka badiliko moja la muundo kwa faili moja, na juu yake sharti: fanya hivi kama tu safu hii haipo. Mafaili ya OpenMRS yamejaa masharti ya namna hiyo.

Kupanga jedwali ni dakika, kupanga data ni wiki

Kuongeza safu ya NIDA ni amri ya mstari mmoja. Kuijaza vizuri ndiyo kazi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Developa mgeni anasema, hii ni namba, niiweke kwenye safu ya namba. Namba kubwa kabisa ya kawaida inayoingia kwenye safu ya biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, yenye tarakimu 19. Akijitetea kwamba atatumia namba chanya tu, kikomo kinakuwa 18,446,744,073,709,551,615. Ni tarakimu 20, sawa, lakini inaanza na 1844. Safu hiyo inawatosha Watanzania waliozaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma! NIDA inawekwa kama maandishi, basi.

Na mara nyingi data yenyewe inatoka Excel. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, hivyo ukichapa namba ya NIDA bila vistari kwenye seli ya kawaida, inageuka kitu kama 1.99E+19 na tarakimu tano za mwisho zinakuwa sifuri. Faili likishahifadhiwa hivyo, hakuna maigresheni duniani itakayozirudisha. Ni kumtafuta mwenye namba akuletee tena.

Namba za simu nazo ni vituko. Daftari moja linakuwa na namba zinazoanza na 07, nyingine 2557, nyingine +2557, na nyingine zimepoteza sifuri ya mbele kwa sababu ya Excel hiyo hiyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole na NIDA ulipoanza Mei 1, 2019, hadi kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa kuanza baada ya Januari 20, 2020, mtu na namba yake walifungwa pamoja, na mifumo mingi ikataka kufuata. Faili la kuzinyoosha namba zote ziwe mtindo mmoja ni fupi. Lakini linapofanya hivyo linagundua kwamba "watu" wawili ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Nani abaki? Salio la nani lihesabiwe?

Hapo kompyuta haipaswi kuamua. Faili zuri la mabadiliko linanyoosha lisilo na utata, na lenye utata linaliweka kwenye jedwali la pembeni ili binadamu aliangalie. Lililoandikwa kwa haraka linafuta moja wapo, na mwenye akaunti analigundua siku anapokuja kuchukua fedha yake.

Turudi Iguguno

Mfumo wa taarifa za afya nchini, MTUHA, ulianza kwa vitabu vya karatasi miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2013, ripoti zake zilikuwa zinaingizwa nchi nzima kwenye DHIS2, mfumo unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa muda mrefu.

Ndani ya DHIS2 vituo vimepangwa kama mti: taifa, mkoa, wilaya, kituo. Takwimu inaning'inia kwenye kituo, na wilaya inapata jumla yake kwa kujumlisha vituo vilivyo chini yake. Kwa hiyo ukikichukua kituo cha Iguguno na kukihamisha kutoka tawi la Iramba kwenda tawi la Mkalama, historia yake yote inahama nayo. Jumla ya Iramba ya miaka ya nyuma inashuka. Mkalama inapata takwimu za miaka ambayo yenyewe haikuwepo.

Je, ni kosa? Inategemea unauliza nini. Ukitaka kujua watoto wa eneo hili wamechanjwaje kwa miaka kumi, ni sahihi kabisa, maana unafuata eneo lile lile. Ukitaka kukagua kama ripoti ya Iramba ya mwaka 2010 iliyochapishwa inalingana na mfumo, haitalingana, na mkaguzi anaweza kudhani mtu amechezea takwimu.

Na Iguguno haikuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 2012 Ikungi ilitoka Singida, na mikoa minne mipya ilianzishwa: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Songwe ikafuata mwaka 2016. Kenya walipata kubwa zaidi, mwaka 2013 mikoa minane ilipisha kaunti 47, wakati DHIS2 yao ilikuwa imeshasambazwa nchi nzima tangu 2011.

Njia ambayo wataalamu wengi wanaipenda ni kutofuta. Kwenye mifumo mnayotengeneza wenyewe, badala ya safu moja ya wilaya, unaweka jedwali dogo linalosema: Iguguno, Iramba, hadi 2012, Iguguno, Mkalama, kuanzia 2012. Mfumo unaweza kujibu maswali yote mawili. Maigresheni ya aina hiyo inaandikwa mara moja, inajaribiwa, na inakwenda kila mahali ikiwa ile ile. Ikifanywa kwa mkono na watu watano kwenye seva tano, utapata Iguguno za aina tano.

Simu za zamani bado zipo

Mifumo ya siku hizi haiko kwenye seva tu, iko pia kwenye simu za watu. Na watu hawaapdeti. Bando ni ghali, nafasi kwenye simu imejaa, na toleo la zamani linafanya kazi vizuri tu, sasa ya nini?

Kwa hiyo mwenye mfumo hawezi kubadilisha jina la safu usiku mmoja na kutegemea kila mtu awe na programu mpya asubuhi. Anapanua kwanza. Anaongeza safu mpya pembeni ya ya zamani, programu inaandika kwenye zote mbili, kumbukumbu za nyuma zinanakiliwa kidogokidogo (mistari 1,000 kwa mkupuo, si milioni kwa pamoja, la sivyo jedwali linafungwa na wateja wanaona mfumo umekufa). Anahakiki. Kisha usomaji unahamia safu mpya. Safu ya zamani inaondolewa baada ya wiki au miezi, simu za zamani zinapokuwa zimekwisha.

Ndani ya simu yako pia kuna kanzidata, na si moja. Programu nyingi za Android zinatumia SQLite, na kila kanzidata ina namba ya toleo. Ukiapdeti kutoka toleo la 3 hadi la 7, programu inapaswa kupita hatua za 4, 5, 6 na 7 kwa kufuatana. Developa akisahau hatua moja, programu inafunguka na kujifunga. Kuna na njia ya mkato ambayo Google yenyewe imeiweka kwenye Room, chombo chake cha kanzidata za Android: ikikosa hatua, futa kila kitu uanze upya. Kwa programu ya habari haina neno, itapakua tena. Kwa programu ya mhudumu wa afya aliyezunguka vijijini siku nzima bila mtandao na hajatuma fomu hata moja, hiyo ni kazi ya siku nzima imepotea. Kama unatumia programu ya kukusanya taarifa nje ya mtandao, tuma kwanza, apdeti baadaye.

Sharti nililoahidi

Nakala ya akiba, kabla ya kila maigresheni, na mtu awe ameshajaribu kuirudisha.

Januari 31, 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayotunza programu za madevelopa dunia nzima, alifuta kwa bahati mbaya folda ya kanzidata kwenye seva ambayo siyo. Gigabaiti kama 300 zikabaki 4.5 kabla hajasimamisha. Walipokwenda kwenye nakala, nakala za kila siku hazikuwepo: chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la zamani la PostgreSQL kuliko kanzidata yenyewe, kilikuwa kinashindwa, na barua pepe za kuonya hazikuwa zinafika. Waliokolewa na nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kama saa sita kabla kwa sababu nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikaenda. Kampuni iliyaeleza yote hadharani, na nawasifu kwa hilo.

Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha mfumo wake mzima wikiendi moja ya Aprili 2018. Data zenyewe zilihama salama. Mfumo ulizozipokea ndio uliokwama, na wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 benki ilipigwa faini ya pauni milioni 48.65. Kwa hiyo hata ukinyoosha data zote, bado kuna kujaribu mfumo mpya kwa mzigo halisi.

Kujaribu vizuri kunahitaji data halisi, na hapo kuna mtego. Fundi anayenakili kanzidata ya zahanati kwenye laptopu yake "ili ajaribu" anatembea na majina, simu na majibu ya vipimo vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahusika na hilo. Nakala ya majaribio inafichwa majina kwanza.

Kuhusu kurudi nyuma, usidanganyike sana na kitufe. Vyombo hivi vinaruhusu kuandika amri za kurudisha, lakini safu iliyofutwa hairudi na vilivyokuwa ndani yake. DHIS2 inawaambia wasimamizi wake wazi: kanzidata ikishapandishwa toleo, kurudi ni kwa kurejesha nakala ya akiba tu.

Kama wewe ni katibu wa chama cha ushirika, mwenye duka la dawa au mkuu wa shule na unataka kununua mfumo, huhitaji kujua amri hata moja. Muulize muuzaji: siku ya kuapdeti, nakala inachukuliwa wapi na lini ilirejeshwa kwa majaribio? Umeme ukikatika katikati, nani anakuja na kwa saa ngapi? Kisha mwombe afungue kanzidata akuonyeshe jedwali la mabadiliko yaliyopita. Mara nyingi lina tarehe kwenye kila mstari. Kama analo, ni dakika moja tu kulionyesha.